Mvua Haiitwi Ofisini

Mtaani kwetu, katika komini ya Tshopo mjini Kisangani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Chef, basi. Kazi yake ilikuwa chef de quartier, yaani mkuu wa mtaa, na kwa kuwa wanaume waliomtangulia waliitwa Chef tu, sisi tuliongeza Mama mbele, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima, na mwishowe kwa woga kidogo. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, alisoma mpaka wapi, sitasema. Nusu sijui, na nusu nyingine hainihusu. Ninachotaka kueleza ni jambo lililonisumbua akili tangu nikiwa kijana wa kubeba sufuria dukani kwa mama yangu: kwa nini mwanamke huyu alichukia sana kumsikia mtu akisema nyumba yake imejaa maji kwa sababu ya mvua.

Kwetu mvua si mgeni. Inakuja wakati watu wameanika mihogo, inaondoka, inasahau kitu na kurudi. Kila iliponyesha kwa hasira, nyumba za sehemu ya chini ya mtaa ziliingiwa na maji, na nyuma ya maji ukaja uchunguzi. Utaratibu ulikuwa huu: mtumishi wa komini na injinia wa mji wanakuja, wanatembea na mkuu wa mtaa nyumba kwa nyumba, wanauliza, wanaandika ripoti. Ripoti isiyokuwa na muhuri wa mkuu wa mtaa haisogei. Wakuu wengi hugonga muhuri wakaenda kula. Mama Chef aliufunga wake kwenye pindo la kitenge, na kabla pindo halijafunguliwa ilibidi ripoti iseme maji yametoka wapi na nani ayaondoe.

"Tuandike mvua kubwa, mama," mtumishi wa komini alizoea kusema. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miguu inayomuuma, na wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja mpaka wakafanana kwa namna ya kuguna.

"Mvula haiko na adresse," Mama Chef alimjibu. "Convocation, barua ya kumuita, nitaituma wapi? Unipe mutu, unipe ukuta, unipe caniveau, mutaro. Unipe kitu naweza kuita kwa bureau."

Siku moja alikuja mgeni, kijana mwenye fulana iliyoandikwa kifuani, akatueleza kwa upole, Kifaransa na Kilingala vikipishana, kwamba mafuriko haya yanaletwa na changement climatique, mabadiliko ya tabianchi. Mama Chef alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Donc, huyu Changement Climatique, anakaaka avenue gani?" Watu walicheka mpaka mgeni naye akacheka. Yeye hakucheka. "Sikatae," akasema. "Pengine anakuwaka. Lakini pale kuko caniveau imejaa machupa, na mwenye machupa namujua." Mgeni alipelekwa kwenye machupa, akayatazama, akakubali kwamba ni machupa.

Alikuwa na mwavuli mweusi uliovunjika ubavu mmoja, na sikumbuki kumwona akiufungua juu ya kichwa chake. Ulikuwa fimbo ya kuonyeshea. Aliuchovya kwenye maji kupima kina, aliugonga kwenye ukuta kusikia kama una uwazi nyuma, na wakati mwingine aliugonga kwenye bega la mtu anayesema uongo. Yeye mwenyewe alilowa. Kitambaa chake cha kichwa, alichokifunga kama wanavyofunga akina mama wa familia za Kiislamu za zamani za hapa mjini, kililowa mpaka kikachuruzika masikioni, naye anaendelea kuuliza. Uchunguzi wake aliutaka mvua ikiwa bado inanyesha, na hili lilimuudhi kila mtu, kuanzia injinia mpaka wenye nyumba waliokuwa wanakomba maji kwa mabeseni.

"Mama Chef, ungojee ikatike kwanza," mama yangu alimwambia mara moja.

"Mvula ikisha kukatika, kila mutu anakuwa mubongo, uongo tu," akasema. "Saa hii mayi yenyewe ndiyo inasema. Nikuje kesho, utaniambia nini? Utaniambia imetoka kwa jirani."

Na kweli, maji yalitoka kwa jirani siku zote. Hiyo ndiyo hadithi ya mtaa wetu. Mtu ananyanyua kiwanja chake kwa udongo na matofali yaliyovunjika, anakauka, na maji yaliyokuwa yake yanahamia kwa mwenzake. Mwenzake naye ananyanyua. Ukifuata mlolongo huo mpaka mwisho unamkuta mjane mmoja asiye na uwezo wa kununua udongo, ambaye amepokea maji ya avenue nzima. Mama Chef alikuwa anaanzia kwa mjane huyo na kupanda juu, mlango kwa mlango, kama mtu anayefuata nyayo za kuku aliyepotea. Kwa kila mlango maswali yalikuwa mawili: "Mayi iliingilia wapi? Na weye uliituma wapi?" Swali la kwanza watu walilijibu kwa machozi. Kwa la pili walikumbuka sufuria jikoni.

Sisi wenyewe tulinaswa. Mama yangu alitoka Butembo, milimani, na biashara yake ya vyombo, akajenga sehemu ya chini kwa sababu hapo ndipo alipopata kiwanja. Alipochoka kulowa alimwaga udongo kiwanja kizima na kupiga ukuta mfupi upande wa nyuma. Tukalala pakavu msimu mmoja. Msimu huohuo jirani yetu, Mama Anto, aliamka ndala zake zikielea. Mama Chef akapanda kutoka kwa Mama Anto, akafika kwenye ukuta wetu, akaugonga kwa mwavuli.

"Udongo ni yangu, nilinunua," mama akasema, mikono kiunoni. "Parcelle ni yangu. Iko kosa gani?"

"Nyinyi batu ya milima munajua mayi ya kushuka tu," Mama Chef akasema. "Unaisukuma, inashuka, imekwisha, unaisahau. Hapa kwetu mayi inaikalaka. Ukiitosha, ukiifukuza kwako, inatafuta kiti kwa mwingine."

Mama alikasirika wiki nzima. Alisema maneno kwa Kinande ambayo sitayaandika. Lakini alitoboa ukuta, maji yakapata njia ya kupita pembeni, na tangu siku hiyo yeye na Mama Chef wakawa marafiki wa kutaniana. Kila Mama Chef alipopita dukani, mama alimuuliza kama amekuja kukamata sufuria zilizoshika maji.

Kuna waliokuwa wagumu kuliko mama. Kuamua ni kitu kimoja, kutenda ni kingine, na ripoti nyingi za mji huu zimelala usingizi mzuri baada ya kupigwa muhuri. Mama Chef hakuwa na polisi wala faini. Alikuwa na kigoda. Aliyeambiwa afungue mtaro na asifungue, asubuhi alimkuta Mama Chef ameketi uani kwake. Haombi kitu, hatukani. Ukimuuliza anasema, "Minangojea tu." Kulikuwa na kanisa dogo lililojenga ngazi zake juu ya mtaro, na pasta akawa anasema ataombea jambo hilo. Mama Chef akaweka kigoda karibu na kinanda. Alihudhuria ibada, alihudhuria mazoezi ya kwaya, akapiga makofi, akajifunza nyimbo. Ilipofika saa ya swala yake alitoka nje, akaswali, akarudi. Waumini walianza kumpenda, wengine wakadhani ameokoka, na hapo pasta akaona bora avunje ngazi.

Nilimchunguza kwa udadisi wa mtu asiyekuwa na kazi nyingi, na kila nilipodhani nimemwelewa, alinipotea. Mwanamke huyu aliyesimama ndani ya maji ya magoti bila kutetemeka, aliogopa mto. Pirogi, yaani mtumbwi, hapandi. Ng'ambo ya mto, Lubunga, alikuwa na dada yake wa damu, na dada ndiye aliyevuka kumjia, sikukuu kwa sikukuu. Nilipomuuliza, alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Mayi ya mvula najua inaenda wapi," akasema. "Ile ya muto inajua yenyewe." Alifukuza watu waliotupa chupa za plastiki, ilhali stoo yake mwenyewe ilijaa chupa alizookota, ambazo hakumpa mtu wala hakuzitumia. Aliwaita wakubwa wa komini watoto wadogo mbele za watu, lakini mwendesha toleka akimwambia nauli imepanda, alilipa kimya na kushuka kwenye baiskeli akiomba samahani kwa uzito wake. Alikunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Alisema sukari inamsaidia kutoamini watu.

Kama kulikuwa na jambo moja aliloliamini bila sukari, lilikuwa salongo. Hiyo ni kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na koleo. Mitaa mingine waliifanya kwa kuogopa, wakati mkubwa anapita. Sisi tuliifanya kwa sababu ya Mama Chef. Tuliuchimba mtaro mkubwa unaopita mbele ya nyumba za chini kuelekea mto, tukatoa potopoto la matope, majani, viatu, safari moja hata mlango wa friji, na kuvirundika ukingoni vingojee gari la kuzoa. Mtaro wetu ulisifiwa. Watu wa mitaa mingine waliletwa kuutazama, nasi tulisimama kando na makoleo yetu kama wazazi wa bibi harusi.

Gari la kuzoa lilisemwa litakuja. Wakati tunalingoja, mvua ilikuwa inaurudisha udongo mtaroni, nasi Jumamosi inayofuata tunautoa tena. Mama Chef ndiye aliyepata dawa. Aliwaita wajane wa sehemu ya chini, Mama Anto akiwa wa kwanza, akawapa ukingo ule walime. Mizizi ya matembele ikaushika udongo, ukaacha kuteleza. Wajane wakapata mboga ya kula na ya kuuza sokoni, mtaro ukabaki safi, na kila Jumamosi tuliongeza udongo mpya juu, wenye mbolea ya kila namna. Matembele ya pale yalikuwa mazuri ajabu. Mama yangu, ambaye hapendi kusifu kitu cha Kisangani, aliyasifu.

Hata hivyo nyumba za chini ziliendelea kujaa maji. Kila mwaka zaidi. Hilo lilikuwa jambo la ajabu na sote tulilizungumza: mtaro safi kuliko yote ya komini, na nyuma yake nyumba zilizojaa maji kuliko zote. Mama Chef alifuata maji mlango kwa mlango, akatobolesha kuta, akasafishisha mifereji ya uani, na bado. Alianza kukonda. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mahali pale pana wenyewe, na kwamba mto unadai.

Kisha asubuhi moja walikuja vijana na ndoo ya rangi nyekundu. Walichora msalaba ukutani kwetu, kwa Mama Anto, na katika mstari mzima wa chini. Chini ya msalaba waliandika kwamba nyumba zitavunjwa. Mtumishi wa komini alitueleza huku akitazama miguu yake inayomuuma: mji umechoka. Mafuriko kila mwaka, uchunguzi kila mwaka. Utafanyika uchunguzi mmoja wa mwisho, na ukionyesha kwamba ni mvua tu na ubonde wa mahali penyewe, basi mahali hapo hapafai kukaliwa na watu watatolewa.

Hapo ndipo nilipoelewa chuki yake na mvua. Tuliketi uani kwetu, mama akiwa ameupa msalaba mgongo, na Mama Chef akamwambia kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Unaona sasa? Wakiandika mvula, mwenye kosa ni ule anayelala chini. Njo maana sikutakaka hilo neno. Mvula haiwezi kuhamishwa. Weye unahamishwa."

"Basi tutafute kingine," mama akasema. Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichokijenga tangu atoke milimani. Nilimwona akiushika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, nikaumia sana.

Injinia aliyetumwa safari hii alikuwa kijana, mwembamba, mwenye buti za mpira na adabu. Mama Chef alimwambia mapema kwamba atakuja mvua ikinyesha, si vinginevyo, na injinia, tofauti na wenzake wote, akajibu kwamba yeye mwenyewe alitaka hivyohivyo. Nadhani Mama Chef alisikitika kidogo kukosa ugomvi. Mvua ilipoanza mchana wa siku ya soko, injinia alifika amelowa juu ya toleka, na tukatoka wote: yeye, Mama Chef, mtumishi wa komini, mama yangu, na mimi niliyefuata kwa kuwa sikuweza kukaa.

Tulianzia kwa wajane kama kawaida. Maji yalikuwa yameshapita vizingiti. Mama Chef aliuliza maswali yake mawili kila mlango, na kila mlango ulijibu vizuri: kuta zimetobolewa, mifereji iko wazi, hakuna aliyemtumia mwenzake maji. Maji yote ya sehemu ya chini yalikuwa yanakwenda upande mmoja kwa utii, kuelekea mtaro mkubwa. Tukayafuata. Yalifika kwenye ukingo wa matembele, yakasimama.

Tulipanda juu ya ukingo, ndani ya majani, na tukatazama pande zote mbili. Upande wa nyuma maji yalikuwa mengi, meusi, yamekaa, na nyumba zetu zikiwa ndani yake. Upande wa mbele mtaro ulikuwa unatiririsha maji kidogo, ya barabarani tu, chini kabisa. Ulikuwa na nafasi ya kumeza yote yaliyokuwa nyuma yetu na bado ukabaki. Tulisimama pale na mtaro mtupu mbele, nyumba zimejaa nyuma, na chini ya miguu yetu kilima cha udongo ambacho hakikuwapo nilipokuwa kijana.

"Mama," injinia akauliza, bila ukali wowote, "udongo hii yote, nani aliiweka hapa?"

Mama Chef alinyanyua mwavuli kuonyesha. Nilifuata ncha yake. Ilikwenda kwa Mama Anto, ikasita, ikaja upande wetu, ikaelekea juu kwa pasta, ikarudi. Kisha akaushusha. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kazi namna ile.

"Ni siye," akasema. "Ni salongo." Akajigusa kifua kwa mpini wa mwavuli. "Ni miye."

Mtumishi wa komini alimshika mkono. Alikuwa rafiki wa kweli, na alichosema alikisema kwa wema, nami sitamlaumu. "Mama, iache. Miaka yote umetumikia hawa batu. Wakijua ni weye uliwafungia mayi ndani ya nyumba, watakula jina lako. Tuandike mvula. Mara hii moja tu."

Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amesikia kila neno. Nyumba yake ilikuwa mkononi mwa mwanamke mwenye sababu nzuri sana ya kunyamaza, na mama hakuomba, alisimama tu na mvua ikimpiga usoni.

"Mvula haikupanda matembele hapa," Mama Chef akasema. Akafungua pindo la kitenge na kumpa injinia muhuri aushike, usilowe.

Alidai convocation yake kama mtu mwingine yeyote, na mjumbe wa komini alilazimika kumpelekea nyumbani, akaipokea akiwa amevaa vizuri. Kikao kilifanyika uwanjani pa komini, watu wa mtaa wote wamekuja. Mtumishi alimsogezea kiti chake cha kawaida mezani. Alikikataa, akaenda kuketi kwenye benchi ya walioitwa. Akaeleza mwenyewe, bila kuzungukazunguka: kila Jumamosi aliwaamuru watoe udongo, akawaamuru wauache ukingoni, na ulipotaka kuteleza akaufunga kwa mizizi. Caniveau ilikuwa safi kwa sababu mayi ya watu haikuweza kuingia. Baadhi walicheka, wale waliowahi kukaliwa uani na kigoda. Pasta, na kwa hili nilimheshimu, hakucheka.

Mama Anto ndiye aliyesimama. Alikuwa na watoto wa marehemu binti yake nyumbani, na kwa miaka ile waliishi kwa ukingo ule. "Ni weye ulinipatia," akasema kwa kilio. "Nilikuomba? Ulikuja kwangu, ukaniambia, Mama Anto, lima. Leo unasema njo kosa. Basi kosa yako ninailipaka miye?"

Mama Chef aliinama. Ripoti iliandikwa, chanzo kikatajwa, injinia akachora mahali pa kukata ukingo. Kazi ilifanywa na sisi wenyewe, na safari hii udongo ulibebwa mbali, toleka kwa toleka, magunia kwa magunia, kwa kuwa hakuna aliyetaka tena kusikia habari za gari. Vijana walirudi na ndoo ya chokaa wakafuta misalaba. Mama yangu aliigusa chokaa ikiwa bado mbichi, akapaka kidole chake kwenye kitambaa, na hakukifua kitambaa kile.

Mama Chef alipumzishwa. Ndivyo ilivyosemwa, kupumzishwa, na aliyekuja nyuma yake ni kijana anayejua kutumia simu. Mama Anto aliacha kumsalimu Mama Chef. Wakikutana njiani aligeuza uso ukutani mpaka mwenzake apite. Bila matembele, alianza kuuza maandazi, maandazi hayakumwendea, akajaribu makayabu, samaki wa chumvi. Mama Chef nilisikia anakaa ndani, hanywi hata chai.

Nilimwona tena msimu uliofuata. Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta nyumbani kwa mama, mchana, tukila lituma, ndizi za kupondwa. Ilinyesha vile ambavyo zamani tungekuwa tumeshaanza kupandisha magodoro mezani. Tulikuwa tunatazama kizingiti. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Mama Chef, amelowa, hana mwavuli. Hakusalimu. Alipiga goti katikati ya chumba na kuweka kiganja chake sakafuni. Akakiacha pale. Akakinyanyua, akakitazama, akakipitisha kwenye shavu lake kama mama anayepima joto la mtoto.

"Bon," akasema, akatoka.

Nilimfuata. Aliingia nyumba ya pili, ya tatu, kila moja vilevile, goti na kiganja, na watu walimwacha, wengine wakitoa viti njiani ili apate nafasi. Nje, maji yalikuwa yanapita kwa kelele kwenye mikato ya ukingo na kuanguka mtaroni. Tulipofika kwa Mama Anto mlango ulikuwa umefungwa. Mama Chef alisimama mbele yake. Huyu aliyekuwa anaingia kwa watu kama mwenye nyumba, hakubisha hodi wala hakuingia. Alisimama kwenye mvua, mikono ikining'inia, na nikaona kwamba safari yote ilikuwa ya nyumba hii.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mama Anto alimtazama, kisha akasogea pembeni. Mama Chef aliingia, akapiga goti, akaweka kiganja. Watoto waliacha kula wakamtazama.

"Iko kavu," Mama Anto akasema juu ya kichwa chake. "Uguse pale na pale, yote iko kavu. Sasa tutakula ukavu?"

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kuona swali likimpita mwanamke huyu. Alibaki palepale chini, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kitambaa na kufanya doa kwenye sakafu ile kavu, akajaribu kulifuta kwa mkono.

"Sijue," akasema. "Mama Anto, hiyo sijue."

Mama Anto alivuta pumzi. Akachukua kitambaa kilichokuwa begani kwake, akamtupia afute kichwa.

"Ikala basi," akasema, akimsogezea kigoda. "Mvula iko mingi."